Herufi za Kichina Zinapovurugika kwenye Seva ya Mbali

Sisi tunaowauzia wakulima wa mpunga wa Usangu vipuri vya pawatila kutoka China tunategemea sana orodha zenye majina ya Kichina. Kazi yangu hapa Mbeya ni kuzitunza orodha hizo kwenye seva ya mbali, na mara nyingi zinapofunguliwa huonekana kama alama zisizosomeka. Ushauri wangu mkubwa ni kwamba usihifadhi faili la namna hiyo kabla hujajua tatizo limeanzia wapi, kwa kuwa data kwa kawaida bado ni nzima, na ukihifadhi unaweza kuiharibu kabisa. Jina la kipuri likipotea, mkulima ataagiziwa gia isiyo yake katikati ya msimu.

Anza kwa kuzitazama baiti zenyewe, yaani namba ambazo kompyuta huhifadhi mahali pa herufi, kwa amri ya xxd. Herufi 中 ikiandikwa kwa UTF-8, mojawapo ya njia za kugeuza herufi kuwa baiti (usimbaji), huchukua baiti tatu, yaani e4 b8 ad, lakini kwa GBK, usimbaji uliozoeleka kwenye Windows ya Kichina, huchukua mbili tu, d6 d0. Ukikuta faili ni la GBK, acha mipangilio ya terminali (dirisha la kuandikia amri) kama ilivyo, kisha tengeneza nakala mpya kwa iconv, amri ya kubadilisha usimbaji, na uitunze ile ya awali:

iconv -f GB18030 -t UTF-8 orodha.csv > orodha-mpya.csv

Nimetaja GB18030 kwa sababu inabeba herufi zote za GBK na nyingine zaidi.

Ndani ya Vim, programu ya kuhariri maandishi, amri :e ++enc=gb18030 hulisoma faili upya bila kuligusa kwenye diski. Kwa matumizi ya kila siku, weka mstari huu kwenye .vimrc, faili la mipangilio ya Vim:

set fileencodings=ucs-bom,utf-8,gb18030,latin1

Mfuatano huo uzingatiwe, maana Vim hujaribu kuanzia kushoto, na latin1 hukubali baiti yoyote ile; ikitangulia, gb18030 haitafikiwa kamwe.

Iwapo faili ni la UTF-8 tayari, andika locale kwenye seva, amri inayoonyesha mipangilio ya lugha na usimbaji. Ikijibu C au POSIX, chagua moja ya zile za UTF-8 zinazoorodheshwa na locale -a, uiweke kwenye LANG, kigezo cha mazingira kinachobeba mpangilio huo. Wanaotumia PuTTY, programu ya kuunganishwa na seva, wahakikishe pia kuwa sehemu ya Window, kisha Translation, imewekwa UTF-8. Vikionekana visanduku vitupu mahali pa herufi, kinachokosekana ni fonti, na fonti hiyo, kwa mfano Noto Sans Mono CJK, husakinishwa kwenye kompyuta iliyo mbele yako, si kwenye seva.