Kabla hujanunua VPS, jiulize nani ataiangalia

Mwenye nyumba ya wageni Paje au Jambiani akinijia na habari kwamba kashauriwa aihamishie tovuti yake kwenye VPS (seva ya kukodi, yaani kompyuta ya mtandaoni inayotoa tovuti, unayoiendesha mwenyewe), namuuliza kwanza: nani ataiangalia? Bei haina shida. VPS ndogo hupatikana kwa dola chache kwa mwezi. Tabu iko kwenye uangalizi.

Katika hostingi ya kushirikiana, tovuti yako hukaa seva moja na tovuti nyingi za wengine. Kampuni ndiyo inayosasisha mfumo na kuziba mianya. Wewe unapandisha kurasa na picha tu. Ubaya wake ni kuwa jirani akielemewa, na wewe unapungukiwa kasi. VPS nayo ni fungu la seva kubwa iliyogawanywa kwa programu: una RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) yako, diski yako na Linux yako, yaani mfumo unaoiendesha seva. Ukishakabidhiwa ruhusa ya root, yaani ya mkuu wa seva anayeweza kubadili chochote, kila kinachotokea humo ni juu yako.

Jaribu hili. Washa VPS mpya, iache usiku mmoja, asubuhi fungua faili la /var/log/auth.log (kwenye Ubuntu, aina moja ya Linux), linaloandika kila jaribio la kuingia. Utakuta mistari chungu nzima ya watu wanaojaribu kuingia kama root, kutoka anwani usizozijua kabisa. Hakuna aliyekukusudia wewe. Ni programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikitafuta seva iliyo wazi. Kwa hiyo, kabla hata hujaweka tovuti, weka ufunguo wa SSH (faili la siri linalokutambulisha unapoingia kwenye seva), kisha zima kuingia kwa neno la siri, washa fayawoli (kinga ya kuzuia miunganisho usiyoitaka), na acha masasisho ya usalama yajiendeshe yenyewe. Ikiwa haya ni mageni kwako na huna fundi wa kumlipa kila mwezi, baki kwenye hostingi ya kushirikiana. Tovuti yenye picha za vyumba, bei na namba ya WhatsApp haihitaji zaidi, na anayekwambia vyengine anakuuzia.

VPS inastahili pale penye mfumo wa kupokea bukingi na malipo, au skuli yenye wanafunzi wengi wanaoingia kwa wakati mmoja. Hapo mimi sishuki chini ya GB 2 za RAM. Kwenye GB 1, WordPress (programu ya kuendeshea tovuti) ikibanwa na wageni, Linux huiua programu inayokula kumbukumbu nyingi, na mara nyingi inayouawa ni hifadhidata yenyewe. Tovuti inazimika Julai na Agosti, wakati ambao wageni ndio wengi.

Seva iwe wapi? Ifuate wateja. Mtaliano anatafuta chumba akiwa kwao, basi Frankfurt au Milan inamfaa; wanafunzi wa Wete wapo Pemba, ya Dar es Salaam itawajibu upesi zaidi. Kugeuza kompyuta ya ofisini kuwa seva, hapana. Unguja ilikaa bila umeme miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009.

Barua pepe usiziendeshe kwenye VPS hiyo hiyo: anwani ya seva mpya mara nyingi haiaminiki, na uthibitisho wa chumba huenda ukaishia kwenye spamu. Bekapu, yaani nakala ya akiba ya tovuti, iweke kwa kampuni nyengine, na ijaribu kuirejesha kabla ya msimu. Na domeini, yaani jina la tovuti, iwe .com au .co.tz, iandikishwe kwa jina lako wewe mwenye biashara, isiwe kwa jina la fundi.