Barua kwa mwanangu: miaka mitatu haikufanyi mwenyeji

Mwanangu,

Umeniuliza hivi: ukitangulia Uingereza kwa kozi yoyote ya bei nafuu, ukakaa miaka mitatu, kisha ndipo ukaomba uuguzi, je, utalipa ada ya wenyeji na kupata ile ruzuku ya wanafunzi wa uuguzi ya pauni 5,000 kwa mwaka? Hapana. Rafiki yako aliyekwambia hivyo hakukudanganya, ila ameshika nusu ya kanuni, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye gharama. Nitakueleza ya England, maana Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini wana taratibu zao.

Miaka mitatu imo kwenye kanuni, lakini haisimami peke yake. Kwa njia inayowahusu wageni wengi, lazima uwe na ruhusa ya kuishi nchini isiyo na kikomo cha muda. Uwe pia umeishi humo kama makazi yako ya kawaida kwa miaka mitatu mfululizo kabla ya masomo, na ndani ya miaka hiyo pasiwe na kipindi ambacho sababu kuu ya kuwepo kwako ni masomo ya kutwa. Vyote vitatu kwa pamoja. Viza ya mwanafunzi inakuangusha mara mbili: ina tarehe ya mwisho, na sababu yake ni masomo. Hiyo kozi ya bei nafuu ingekulia ada na miaka, na mwisho wake ungejikuta kwenye foleni ileile ya wanafunzi wa kigeni.

Wapo watakaokwambia dawa ni kuolewa na raia. Ndoa peke yake haibadilishi ada, kwa sababu viza ya mwenzi nayo ina kikomo, na kwa njia hiyo ukaazi wa kudumu huombwa baada ya miaka mitano. Mkimbizi aliyetambuliwa rasmi hasubiri ile miaka mitatu, lakini hilo halikuhusu.

Anayehusika hasa ni binamu yako, anayefanya kazi kule kwa viza ya kazi na kungoja ukaazi wa kudumu. Mfikishie hili mapema: chuo hakiangalii hali yako siku unayoomba nafasi, kinaangalia siku moja tu iliyotajwa kwenye kanuni. Kozi ikianza kati ya tarehe 1 Agosti na 31 Desemba, siku hiyo ni 1 Septemba. Ikianza kati ya 1 Januari na 31 Machi, ni 1 Januari. Sasa tuseme barua yake ya ukaazi inatoka Oktoba. Akiwa ameanza Septemba, anahesabiwa mgeni, na kwa kawaida hesabu hiyo humfuata hadi mwisho wa kozi hata kama barua imekuja wiki tatu baadaye. Akisubiri kundi la Februari, ambalo vyuo kadhaa vya uuguzi huwa nalo, ukaazi wake utakuwa mkononi tarehe 1 Januari na miaka yake ya kazi itahesabika. Miezi mitano ya subira inabadili ada ya miaka mitatu. Awe tu na vithibitisho vya miaka yote mitatu, kama hati za mshahara, mikataba ya nyumba na kodi ya halmashauri, na safari za nje aziorodheshe zote.

Turudi kwako. Mwaka wa masomo 2025/26 mwenyeji hatozwi zaidi ya pauni 9,535 kwa mwaka, na hukopeshwa na serikali. Ada ya mgeni haina kikomo. Kila chuo hujipangia, mara nyingi ni maradufu au zaidi, na mkopo huo huupati. Kabla hujakubali nafasi, uliza kwa maandishi kama ada imefungwa kwa miaka yote mitatu au hupanda kila mwaka, na kama amana inarudishwa viza ikikataliwa. Kuhusu ruzuku ya pauni 5,000, mlango wake ni uleule: hutolewa kwa anayestahili msaada wa serikali wa ada. Usiiweke kwenye bajeti hata kwa penseli.

Kwenye fomu ya UCAS, mfumo wa kuombea nafasi vyuo vya Uingereza, kuna swali la aina ya ukaazi wako. Lijibu kama ulivyo. Wapo wanaoandika anwani ya ndugu wa kule kana kwamba ndiyo nyumbani kwao, wakapewa nafasi kwa ada ya wenyeji, kisha chuo kikadai hati kabla ya usajili na ada ikabadilishwa wakati tiketi imeshakatwa. Chuo kikikosea chenyewe, omba mapitio kwa maandishi na uambatishe hati.

Ada ya viza ya mwanafunzi ilikuwa pauni 524 kuanzia Aprili 2025 kwa anayeomba akiwa nje ya Uingereza. Tozo ya afya ni pauni 776 kwa mwaka, nayo hulipwa yote kwa mkupuo siku ya kuomba. Viza ya kozi ya miaka mitatu huongezewa miezi minne baada ya kozi na hadi mmoja kabla, na kipande cha mwaka kisichozidi miezi sita hutozwa nusu, kwa hiyo tegemea kama pauni 2,716. Watu wengi huzidisha 776 kwa tatu tu, malipo yakakwama.

Mwenzio na mtoto hawataweza kufuatana nawe. Wanafunzi wa shahada ya kwanza kwa kawaida hawaruhusiwi kuleta wategemezi. Hili likae mezani kwenu wawili kabla ya habari nyingine yoyote ya fedha.

Usitegemee pia kwamba kibarua kitalipa ada. Viza inaruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na uuguzi hauna likizo ndefu kama kozi nyingine. Shahada inadai saa 4,600, nusu yake wodini na kwenye vituo vya afya, kwa zamu za usiku na za wikiendi, bila mshahara. Saa hizo za mafunzo hazikatwi kwenye zile 20, lakini mwili ni mmoja. Ukikosa zamu kwa ugonjwa, saa lazima zifidiwe. Zikiwa nyingi, kozi inapita tarehe ya mwisho ya viza, na hapo unaomba nyongeza na kulipa ada ya viza na tozo upya. Ndiyo maana weka akiba ya miezi sita usiyoigusa.

Nikisema maoni yangu kama mzazi, ningependa usomee uuguzi nyumbani, usajiliwe, kisha uombe kuingia kwenye rejista ya NMC, baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza, ukiwa muuguzi kamili. Njia hiyo ina mtihani wa kompyuta wa CBT, pauni 83, na wa vitendo wa OSCE, pauni 794, pamoja na Kiingereza: katika IELTS wanataka 7 kwa ujumla na 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na kuandika isipungue 6.5. Ukipata mwajiri, viza ya kazi ya afya haina ile tozo ya afya. Faida ya kusoma kule ni kwamba mhitimu wa kozi iliyoidhinishwa na NMC hafanyi CBT wala OSCE. Ni faida, ila uipime na ada ya miaka mitatu. Na ukihitimu, viza ya baada ya masomo kwa watakaoiomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027 itakuwa miezi 18, si miaka miwili tena. Muda huo ndio wa kutafuta mwajiri wa kukudhamini.

Ukiamua bado kwenda, akaunti yangu inakubalika kama ushahidi wa fedha, mradi uambatishe cheti chako cha kuzaliwa na barua yangu ya ridhaa. Wanataka salio la ada ya mwaka wa kwanza pamoja na matumizi ya miezi tisa: pauni 1,529 kwa mwezi London, yaani 13,761, au 1,171 nje ya London, yaani 10,539. Fedha zikae siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiasi hicho hata siku moja, na siku ya 28 isizidi siku 31 kabla ya kuomba. Kwa hiyo chuo kikikutajia tarehe ya kutoa CAS, yaani uthibitisho wa udahili unaoombea viza, niambie siku hiyohiyo. Ukinijulisha wiki ya mwisho, siku 28 hazifupishwi.

Mama yako