Ukishajua barafu inakuja, halafu?

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Kujua majira yanageuka, unaamini dalili za wazee au utabiri wa kwenye simu?" Nilitaka kupita tu, lakini swali limenikera kidogo, maana mmeliweka kana kwamba kujua ndiko kugumu.

Kwetu upande wa Uwemba, Njombe, nani asiyejua? Aprili ikiisha mvua inachoka, ulanzi, pombe ya mianzi, unapungua, maganda ya mahindi yanaanza kupauka shambani. Mei ikifika katikati, hata mtoto anajua baridi imeingia. Mamlaka ya Hali ya Hewa inakihesabu kipupwe kuanzia Juni hadi Agosti, wakati sisi tumeshapasua kuni za miwati, na midomo imeshapasuka yenyewe. Kwa hiyo jibu langu la haraka ni dalili. Simu ibaki ya kupiga.

Ila mngeuliza hivi: ukishajua barafu itachoma mimea, unafanya nini na usiku mmoja uliobaki?

Mama analima vinyungu, vile vishamba vya bondeni vinavyoishi kwa unyevu wa ardhi mvua ikishakatika. Mwaka ninaousema alipanda viazi mapema Mei, na mwishoni mwa Juni vilikuwa vimefunga majani hadi huoni matuta. Nilikuwa nimekwenda kusaidia kuvuna mahindi. Jioni moja upepo ulikata ghafla. Siku nzima ulikuwa unavuma, kisha kimya, na mbingu nyeupe bila wingu hata la kusingiziwa. Mama alisimama mlangoni na beseni la magunzi, akatazama juu, akasema, "Leo itachoma." Hakusema labda.

Tukashuka na magunzi na nyasi mbichi, tukawasha moto wa moshi ukingoni mwa shamba. Moshi ulipanda kidogo, kimo cha nyumba hivi, ukalala. Haukwenda popote. Hapo ndipo nilipoona kwa macho jambo nililolisoma shuleni: usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi inapoteza joto lake kwenda juu, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, inateremka mteremkoni na kutuama bondeni. Sisi tulikuwa tumesimama ndani yake. Baba mdogo, ambaye shamba lake liko juu kidogo tu ya la mama, alikuja na koti mabegani, akatupa pole, akarudi kulala. Sikumlaumu, kwake hapakuwa na cha kulinda. (Kuna waliosema baadaye kwamba ana dawa ya kufukuzia barafu kwa majirani. Dawa yake ni mteremko.)

Saa kumi na moja alfajiri mama aliniamsha tukamwagie maji. Yanatakiwa yafike kwenye majani kabla ya jua. Tulichota mferejini kwa ndoo, vidole vimekufa ganzi, na kila jani nililoligusa lilikuwa na ukoko mweupe uliokwaruza. Tulimaliza matuta yaliyo karibu na mfereji, jua likatuwahi. Kufika saa nne, matuta ya chini yalikuwa yamelala meusi kama mchicha uliochemshwa. Mama hakung'oa kitu. Alisubiri, na baadhi ya mashina yakachipua upya kutoka chini, yakazaa viazi vidogo vya kula nyumbani.

Sasa naandika haya naona ninateleza kuelekea upande wa pili. Dalili za mama hazikumdanganya hata kidogo, lakini zilisema jioni ileile. Angeambiwa siku tatu kabla, tungefungulia mfereji mchana, maana udongo uliolowa unatunza joto kuliko mkavu, na tungekata nyasi za kutosha kufunika hata nusu ya shamba. Siku tatu hizo hazisomeki mbinguni. Basi andikeni kwamba nimepigia kura simu.

Lakini msiniandike bila masharti. Nyuzi joto wanazosoma redioni ni za Njombe mjini, na bonde la mama huwa na baridi zaidi usiku kama ule. Utabiri ukisema "baridi kali nyanda za juu kusini", umesema kweli na haujamsaidia mtu, kwa sababu kwetu Juni yote ni baridi kali. Tunachohitaji ni usiku upi hautakuwa na upepo wala mawingu. Hilo likija kwa ujumbe mfupi, hata simu ya kitochi inatosha.

Wala asije mtu akasema basi mama aachane na bonde. Viazi vya vinyungu vinatoka Septemba na Oktoba, wakati vya mlimani vimeadimika sokoni, na gunia lake ndilo linalonunua mbolea ya mahindi ya Novemba.

Msomaji, Makambako