Si wazimu, mdogo wangu

Umeuliza kama ni wazimu: uko mwaka wa 2 chuoni, hujaolewa wala hujabeba mimba, lakini ukifikiria kuzaa usingizi unaruka na moyo unakwenda mbio. Si wazimu hata kidogo. Hofu hiyo inajulikana, wataalamu wanaiita tokofobia. Wengine huipata baada ya uzazi mgumu, wengine hata kabla ya kuzaa, kama wewe.

Mimi nilikuwa nayo, hapa hapa Lamu. Nikiwa na miaka 14 shangazi alishikwa na uchungu nyumbani, nami nikaachwa kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, nimeshika sinia ya vikombe. Kila alipopiga ukelele, vikombe viligongana mikononi mwangu. Alijifungua salama, lakini hakuna aliyekuja kunieleza nilichosikia. Nikabaki na ule ukelele tu. Chuoni nikawa natazama video za uzazi usiku wa manane nikidhani najizoesha, kumbe naichochea hofu. (Ziache kwanza, tafadhali.)

Kilichonisaidia ni mshauri nasaha wa chuo, halafu mkunga aliyenijibu maswali yangu yote, hata ya dawa za kupunguza uchungu na ya upasuaji. Mwone mshauri wiki hii, usingoje mitihani iishe. Na ukianza kuwaza kujidhuru, usikae peke yako chumbani: mwamshe mwenzio akupeleke hospitali usiku huohuo.

Wakikwambia "ukiolewa utazoea", usiwasikize. Mimi niliambiwa hivyo miaka 4, na sikuzoea.