Makanisa na nyumba za kale za Balkani: mnauliza, tunajibu

Tutakuwa sita, wawili wakiwa watoto. Tumesikia kwamba katika kanisa la Boyana, jijini Sofia, Bulgaria, wageni hukaa dakika 10 tu. Kweli kuna faida ya kwenda?

Ipo, na kubwa, mkijua pa kutazama. Pumzi zetu zina unyevu, na unyevu ukizidi huharibu picha za ukutani za mwaka 1259. Ndiyo maana huingia watu wasiozidi 8 kwa zamu. Simameni sehemu ya kati mkiielekea madhabahu: kushoto wapo Kaloyan na mkewe Desislava, waliogharimia upanuzi wa kanisa, kulia, mfalme Konstantin na malkia Irina. Waulizeni watoto Kaloyan ameshika nini. Ni kanisa lenyewe, dogo, mikononi mwake. Maelezo yote yamalizeni nje bustanini.

Kwa nini picha nyingi za ukutani zina vishimo? Ni risasi?

Mara nyingi sivyo. Lipu mpya haishiki kwenye ukuta laini, basi fundi aliyetaka kupaka tabaka jipya aliudonoa kwanza ule wa zamani kwa nyundo. Vishimo vikikaribiana na kulingana kina, hiyo ni kazi ya fundi. Kanisa la Mtakatifu Sofia la Ohrid, Makedonia Kaskazini, liligeuzwa msikiti enzi za Waturuki na picha zake za karne ya 11 zikafunikwa chokaa. Chokaa hiyo ndiyo iliyozitunza.

Tuna asubuhi moja Gjirokastër, Albania, na mama yetu anaumwa magoti. Tuone nyumba ipi?

Zekate, ya 1811 na 1812, inapendeza sana, ila kilima chake kitamchosha. Nendeni Skenduli, karibu zaidi na soko la zamani. Njia ni za mawe na huteleza mvua ikinyesha, kwa hiyo vaeni viatu vya soli ya mpira. Chini kuna birika la maji ya mvua yaliyotoka paani. Mama anaweza kuishia hapo asipoziweza ngazi. Juu kuna chumba cha wageni chenye meko yaliyopambwa. Inueni macho mtafute roshani yenye kimia cha mbao: humo wanawake waliwaona wageni bila kuonekana.

Watoto wanaruhusiwa kuwasha mishumaa?

Ndiyo, kwenye makanisa yenye ibada. Inayowekwa juu ni ya walio hai, inayowekwa chini ni ya marehemu. Ila wasipite nyuma ya ukuta wa ikoni, yaani picha takatifu, ulio mbele ya madhabahu.