Sauti ya injini inafia wapi kwenye kompyuta?

Swali: Shikamoo mhandisi. Nasoma uhandisi hapa Mbeya. Nimetengeneza modeli ya kompyuta ya injini ya ndege inayopaa uwanja wa Songwe, nijue kelele itakayofika mji wa jirani wa Mbalizi. Hewa nimeigawa katika gridi ya visanduku vya hesabu, kila kimoja upana wa sentimita 10. Karibu na injini mawimbi yanaonekana vizuri, lakini mita chache mbele sauti imekwisha. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Umeitwisha gridi mzigo usio wake.

Sauti ni kitu kidogo mno. Desibeli 94, kelele ya kuumiza masikio ukikaa nayo, ni badiliko la mgandamizo la paskali 1 tu, na mgandamizo wenyewe wa hewa pale Songwe ni takriban paskali 86,000. Kompyuta inaibeba hiyo moja ndani ya maelfu hayo, na kila hatua ya hesabu inaikwangua kidogo. Sauti ya hezi 1,000, yaani mitetemo 1,000 kwa sekunde, ina wimbi la sentimita 34. Wewe umeligawia visanduku vitatu na ushee, lazima lisawazike. Ukitaka visanduku kumi tu kwa kila wimbi, mchemraba wa kilomita moja unadai visanduku trilioni 25 hivi.

Kwa hiyo gawa kazi. Gridi ibaki palepale kwenye injini, ikokotoe msukosuko wa hewa unaobadilika kila punde. Ukitumia mtiririko wa wastani, sauti haizaliwi kabisa. Kisha izungushie gesi inayotoka kwenye injini ganda la kufikirika, urekodi juu ya ganda hilo mgandamizo, kasi na densiti (uzito wa hewa kwa ujazo). Mlinganyo wa Ffowcs Williams na Hawkings, wa mwaka 1969, utaitoa sauti hapo na kuifikisha Mbalizi bila kisanduku hata kimoja njiani.

Chunga sana mfuniko wa nyuma wa ganda hilo, pale gesi inapotokea. Vimbunga vidogo vya hewa vikiutoboa, hesabu huvisoma kama sauti, nawe unapata mngurumo mzito ambao haupo. Kosa hili lilinila wiki mbili nzima. Weka mifuniko kadhaa, kila mmoja mbele kidogo ya mwenzake, uchukue wastani wa majibu yake.

Ila kabla ya jeti, nakusihi uanze na pangaboi. Ndege ya abiria ya Dash 8 Q400 ina mapanga sita kila upande, na wakati wa kupaa yanazunguka mara 1,020 kwa dakika. Zidisha kwa sita, gawa kwa 60: mlio wa kwanza ni hezi 102, halafu marudufu yake, 204 na 306. Modeli isiyotoa mlio wa 102 kwa msikilizaji anayekwenda sambamba na ndege, usiiamini kwa lolote. Kwa jeti, kipimo chako ni kanuni ya Lighthill ya mwaka 1952: nguvu ya kelele hufuata kasi ya gesi kwa kipeo cha nane. Punguza kasi nusu, kelele ishuke desibeli 24 hivi.

Limebaki jambo la kwetu huku. Mlinganyo ule wa Ffowcs Williams na Hawkings unadhani hewa ni ya namna moja kote. Asubuhi ya Juni au Julai, baridi imelala bondeni na juu kuna joto kidogo, sauti hupinda kurudi chini, ikasikika mbali kuliko mchana. Kwa hiyo amka saa kumi na mbili, pima joto bondeni na mlimani, uingize tofauti hiyo katika hesabu ya miale ya sauti, inayofuata sauti inavyopinda hewani, uone Mbalizi inapata desibeli ngapi zaidi.