Kwa nini umati wa Roma uligeuka?

Swali: Mhariri, katika tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, umati unamshangilia Brutus, mmoja wa waliomuua mtawala Caesar, kisha punde si punde unataka kuichoma nyumba yake. Binadamu ni kigeugeu kiasi hicho?

Jibu: Ndugu yangu, kinachonikereketa zaidi ni sauti moja inayotaka Brutus afanywe Caesar. Ametoka kueleza sasa hivi kwa nini amemuua Caesar! Walimpenda msemaji, hoja haikuwaingia. Kisha Antony, rafiki wa Caesar, akawaonyesha joho la Caesar lililotobolewa kwa visu, tundu baada ya tundu, na wosia wake wa drakma (sarafu za fedha) 75 kwa kila raia. Lakini onyesho linalofuata ndilo hasa huninyima usingizi. Wanamkamata Cinna mshairi. Anawaambia yeye si yule Cinna mwingine, aliyekula njama ya kumuua Caesar. Wanamsikia vizuri kabisa, na bado wanamrarua kwa ajili ya jina.